Tisini Kati ya Mia

Benchi la muuza kahawa limeegemea ukuta wa gereji ya fundi Spana. Kila adhuhuri Asilimia, karani wa bima ng'ambo ya barabara, huja hapo kunywa kahawa. Kazi yake ni kuwafuata waliosababisha ajali, warudishe fedha ambazo kampuni imeshamlipa mteja. Leo kaja na ripoti: kati ya kila shilingi mia, zimerudi tisini. Akiitia sahihi, ukuu wa kitengo ni wake. Lakini roho haimtulii kabisa, na kaapa hataitia sahihi mpaka ajue kwa nini.

— Tisini! — Spana akapiga paja. — Hata mimi sikuwahi kupata tisini, na shule nilisoma!

— Ulisoma au ulipita? — akadakia Mstaafu, mwalimu wa hesabu wa zamani. — Ehe, karani, mnapimaje?

— Tunachukua tulizodai, tunaangalia zilizorudi.

— Ndo maana hulali! — akasema Mstaafu. — Kipimo ni woga. Aliyegonga akikuona akakimbia, andika moja.

— Wapi! — Spana akabisha. — Pima mafaili kwa mizani, kama vyuma chakavu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo imeingiaje hapa?

— Kwa mlango. Au wafungieni king'ora, kilie mpaka walipe. Mnahesabu makelele yaliyobaki.

— Si tutakuwa viziwi mtaa mzima?

— Ndiyo hapo sasa! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Wakaangua kicheko. Asilimia hakucheka.

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa amesimama akisubiri kahawa yake.

— Samahanini, wenzangu. Mwaka jana lori liliparamia kibanda changu. Bima ya huyu kaka ilinilipa, Mungu awabariki. Namba za lori ninazo mpaka leo, ila hakuna aliyeniuliza. Eti, mimi nimo kwenye hiyo mia?

Asilimia alihisi aibu mpaka masikioni: ile mia ni ya waliodaiwa tu; wasiodaiwa hakuna aliyewahesabu. Ni wangapi? Hajui, na ofisi nzima hakuna ajuaye.

Akainuka.

— Twende, dada. Tunaanza na lori lako, kisha kabati zote, faili moja moja.

— Wee! Na cheo? — Spana akamaka.

— Cheo kina wengi wanaokitaka. Sahihi yangu ni moja.