Kondoo kwa Ajili ya Naserian

Mmesikia? Huyo ni Naserian, ameitika tena usingizini, "Niko hapa," saa nane ya usiku na hakuna aliyemwita. Askofu ndiye aliyemfundisha aitike hivyo kama Samweli, na kila akiitika huu moyo wangu unaruka kama unataka kutoka. Kaeni karibu. Metito mume wangu, baba Naserian, na wewe Nzula dada yangu, nisikieni kabla gari la Githongo la kunipeleka hospitali halijafika, kwa sababu daktari alisema moyo ulipanuka nilipomzaa huyu mdogo, na kutoka hiyo hospitali ya Kajiado sijui kama nitarudi.

Vitu vyangu ni vichache. Cherehani ni ya Nzula. Kuku ni wa Yeyo, mama mkwe wangu, lakini huyu mdogo, Muteti, asipewe maziwa ya ng'ombe bado, hata Yeyo akisema wanawe wote walikua nayo. Koinet ndugu yako, baba Naserian, tulimnunia kwa ajili ya ua aliousogeza hatua moja. Mwambie nimeachilia, ardhi ya hatua moja sitazikwa nayo.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Siku ya shukrani ya kuzaliwa kwa Naserian nilisimama kanisani nikashuhudia kwamba nilifunga siku saba, nikaahidi kama Hana mama yake Samweli, ukinipa mtoto atakutumikia. Askofu akampaka mafuta. Sasa amefika miaka saba, na Askofu ametuma neno kwamba Jumapili anamchukua akaishi nyumba ya maombi kule Isinya, ati madhabahu inadai chake. Na wewe, baba Naserian, ulisema kilichopewa Mungu hakirudishwi. Najua humwogopi Askofu, unaogopa laana. Hata mimi naiogopa.

Lakini nimewaona wasichana wawili wanaoishi pale. Vidole vimepasuka kwa sabuni, wanafua soksi za wageni, shule walishaisahau. Nikamuuliza mmoja huduma yake ni gani. Akasema, "Masufuria." Jameni, huo ndio utumishi mtakatifu? Samweli alifungua milango ya nyumba ya Bwana asubuhi, na mama yake alimpelekea kanzu mpya kila mwaka, maana yake alijua mabega yake yamefika wapi. Hawa, nani anajua mabega yao? Na ni kwenye nyumba hiyohiyo wana wa kuhani walikuwa wakichoma uma ndani ya chungu cha sadaka, na Mungu aliwakasirikia wao, hakuwakasirikia walioleta nyama.

Nimesoma Torati siku tatu mfululizo, mimi wa kidato cha nne tu, nikakuta kwamba mtu aliyewekwa nadhiri anaweza kukombolewa, hata binti ametajwa, na mwenye nadhiri akiwa maskini, kuhani amkadirie kwa kadiri ya uwezo wake. Hata punda, baba Naserian! Mzaliwa wa kwanza wa punda alikombolewa kwa mwanakondoo. Nyinyi mnajua vile punda hubeba maji bila kuambiwa asante, na bado Mungu alimtafutia njia. Atamnyima Naserian?

Basi mchukueni yule kondoo jike mweusi Yeyo alinipa nilipoolewa, ambaye kwa sababu yake mimi na yeye tunaitana Pakerr, jina la waliopeana kondoo, mpaka leo. Nilimwomba ruhusa. Akaniambia, "Pakerr, jina litabaki hata kondoo akienda." Mpelekeni kondoo huyo Jumamosi, mchana, mbele ya wazee wa kanisa, si kwa mlango wa nyuma. Wewe baba Naserian umvute mwenyewe, useme, mke wangu alimtoa mtoto, sisi tunamkomboa. Usibishane. Ahadi ni deni, nasi hatukimbii. Jumatatu mtoto aende shule, na akitaka kumtumikia Mungu achague akiwa mkubwa, kwa sasa kumtekea nyanya yake maji kunatosha.

Ngoja nipumue... Enkai wa baba zenu na Ngai wa kwetu Ukambani ni mmoja, awafunike. Naserian, Muteti, mkue mpaka mnizidi. Baba Naserian, hilo ni gari. Nenda umshike mbwa.

Nzula. Inama, sauti inaisha. Hakukuwa na nadhiri. Sikufunga hata siku moja. Aliyenitangulia siku ile alishuhudia kwamba alikufa akaamkia mochari, na mimi niliyeshika mimba kwa tembe za kliniki tu nikaona aibu kusimama na neno dogo, ulimi ukakimbia, watu wakapiga vigelegele, nikashindwa kuurudisha. Mdomo huponza kichwa, wangu umemponza mtoto. Huyo kondoo ni wa ulimi wangu. Askofu akimpokea, nyamaza. Akimkataa, akamshika mtoto mkono, simama katikati ya kanisa useme dada yangu alidanganya. Wacha jina langu lioze, mtoto abaki. Ila kabla ya hapo, hata Metito... hata Yeyo asijue. Itikia kwa kichwa tu, nione. Ndio. Na mimi nikirudi, zaidi yako, simwambii mtu.