Bibi Kyu, Fundi wa Taipureta Aliyeishinda Q

Mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Bibi Kyu, kwa herufi Q, alizaliwa Jumapili tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi bomba, mama yake mshonaji. Bibi yetu alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema, na alipoanza hakunyamaza tena. Mama mwenyewe alisema huo ni uzushi, na alilisema jambo hilo kwa muda mrefu.

Alianza shule Januari 1958 na kumaliza darasa la nane mwaka 1965. Hesabu alizimudu vizuri, ila Kiingereza kilimtoa jasho. Neno aliliandika sawasawa, herufi kwa herufi, lakini akiambiwa alitamke, darasa zima linaangua kicheko. Kwenye cheti chake cha mwisho mwalimu mkuu aliandika, "Hana kipaji cha lugha." Masomo yakaishia hapo.

Mwaka 1967 mjomba wake alimchukua kwenye karakana yake ya taipureta, chumba nambari sita juu ya duka la viatu. Watu walimcheka mjomba kwa kumfundisha msichana ufundi. Mjomba akawajibu, "Bisibisi haiulizi imeshikwa na nani." Mama alifanya kazi katika chumba hicho miaka thelathini na saba, na baada ya mjomba kufariki akakirithi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Taipureta ina mikono midogo ya chuma, kila mkono na herufi yake, na mikono iliyo jirani hupenda kukwama ikipigwa kwa kufuatana. Q na A ni majirani. Fundi aliyetengeneza Q alipaswa kuijaribu na A, tena kwa kasi, ndani ya neno halisi ambalo vidole vinalifuata bila kusita. Mama akaanza kuyasaka maneno hayo. Ofisi moja ilikuwa imetupa kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada wala kurasa za mwanzo mpaka katikati ya C. Akaisoma yote kama mtu anayechambua mchele. Maneno yenye Q aliyaweka kwenye daftari lake, yenye Z lake, yenye X na J pamoja. Maana hakuzijali sana. "Mimi natafuta jirani wa herufi," alituambia. "Maana zitakuja zenyewe zikitaka." Uzeeni bado alikuwa dhaifu kwenye maneno yanayoanza na A na B, na sasa mnajua kwa nini.

Mwaka 1974 karani mmoja wa masjala ya ardhi alileta taipureta ileile mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na mara zote ilikuwa imekwama palepale. Mara ya tatu mama alitoa kibanio cha karatasi katikati ya mikono ya herufi, akakiweka mezani.

"Kaka, hiki hakikupanda humu chenyewe."

"Hapana, dada," karani akasema. "Nilikisaidia."

"Sasa mashine inaumwa nini hasa?"

"Mashine ni nzima. Mgonjwa ni mimi."

Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba mwaka huo. Karani huyo ni baba yetu, aliyekaa hapa mbele, na ameniruhusu nilisome hili.

Kompyuta zilipoingia maofisini, taipureta zilikufa moja moja. Mwaka 2004 mama alifunga karakana. Aliporudi nyumbani na bisibisi zake na madaftari kumi na moja, alikaa wiki nzima akizisafisha bisibisi zisizo na kazi, na sisi tukaogopa. Ndipo kaka yangu mkubwa, mwalimu wa hesabu, alipomletea mchezo wa kupanga vibao vya herufi ubaoni ili kuunda maneno ya Kiingereza. Jioni hiyo mama alitufunga sote wanne, baba akiwemo.

Akaenda kwenye chama cha wachezaji pale maktaba. Katibu akamtazama juu mpaka chini, akamwambia kwa upole, "Mama, mchezo huu ni wa Kiingereza."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja na madaftari, sikuja na mdomo."

Tarehe 22 Agosti 2009, akiwa na miaka hamsini na minane, alifika fainali ya mashindano makubwa kuliko yote nchini. Mpinzani wake alikuwa mhadhiri wa Kiingereza. Mkoba wa herufi ulikuwa mtupu. Mama alikuwa nyuma kwa pointi kumi na tisa, na mkononi alibaki na F, A, Q na I. U, ambayo kwa Kiingereza karibu kila mara huifuata Q, zote zilikwisha kutumika. Mhadhiri aliegemea kiti kama mtu aliyekwisha kula. Mama akavipanga vibao vyake mbele ya R iliyokuwa ubaoni: FAQIR. Pointi thelathini na nne.

"Neno hilo halipo," mhadhiri akasema. "Q bila U?"

Mwamuzi akafungua kamusi. Tukasikia kurasa zinavyogeuka. Akaweka kidole, akainua kichwa. "Lipo."

"Na maana yake unaijua, mama?" mhadhiri akauliza.

"Ni fakiri, mwalimu. Limetoka kwa Waarabu, likafika kwetu, likafika na kwa Waingereza. Mimi nimewahi kulivaa."

Mhadhiri alisimama, akampa mkono kwa mikono miwili. Ukumbi wote ukasimama naye. Sijawahi kumwona mama akitembea kama alivyotembea siku ile kulifuata kombe. Alichukua kombe hilo mara mbili zaidi, 2011 na 2014.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019, na macho yakafifia. Alicheza kwa masikio: wajukuu wanasoma herufi, yeye anataja neno. Hata wodini wauguzi walimfuata na mafumbo ya kwenye simu, yale ya kubahatisha neno la Kiingereza.

"Mama, herufi tano, mwisho ni TZ, haina E."

"Waltz. Ikikataa, klutz. Nirekebishie mto."

Alifariki Jumapili tarehe 11 Juni 2023, saa nne asubuhi, baba akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume wake wa ndoa ya miaka arobaini na minane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na wanachama mia mbili na kumi wa chama cha maktaba, kinachoongozwa leo na mwanafunzi wake.

Mama, umeshinda. Mungu akupokee, ulale kwa amani.