Kisu Kilimkuta Amesimama?

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Punguzeni kelele za jikoni kidogo. Leo tunamkumbuka Mzee Rehani Mhina, aliyekuwa bwana mifugo wa Kabuku. Alifariki Ijumaa iliyopita, nyumbani kwake. Rehani Mhina, bwana mifugo wa Kabuku, mtu wa muhuri wa wino wa zambarau.

Alizaliwa Vugiri, huko juu milimani. Akasomea mifugo, na miaka michache baada ya Uhuru serikali ikamleta kwetu na baiskeli, buti za mpira na ule muhuri. Kabla yake, nyama ya Kabuku ilikaguliwa na inzi tu. Yeye akasema: bila muhuri, haiuzwi. Na kila alipofika machinjioni, salamu hazijaisha, aliuliza: "Kisu kilimkuta amesimama?" Yaani mnyama alikuwa mzima, au alianguka mkamwahi? Vijana wakamtania: "Bwana Amesimama huyo, simameni!"

Mnajua desturi yetu, wasikilizaji. Mzoga hatuli. Kwa hiyo ng'ombe akianguka, mtu hukimbia na kisu kabla roho haijatoka. Akiwahi, nyama ni halali. Na sisi tukadhani ikishakuwa halali, basi ni salama.

Ukaja mwaka wa sabini na nne, mwaka wa njaa. Tulikuwa tumeshahamia kijiji cha ujamaa, mifugo imewekwa pamoja. Jumatano asubuhi fahali wa kijiji akaanguka. Muhidini, mchinjaji wetu na rafiki mkubwa wa Rehani, akawahi. Damu ilitoka nyeusi, haikuganda. Nani angeangalia damu na njaa ile? Nyama ikagawiwa kila nyumba.

Rehani akafika, akaiona damu.

"Muhidini, kisu kilimkuta amesimama?"

"Nimemwahi, ndugu yangu. Mkia ulikuwa unatikisika."

"Hiki ni kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe na mtu. Hata kupasuliwa hakutakiwa. Na huo mkono?"

"Aa, nimejikwaruza na mfupa. Mkwaruzo nao ni kitu?"

Rehani akapita nyumba hadi nyumba kudai nyama. Vyungu vimeshainjikwa. Mkewe, Bi Mwantumu, anasimulia: "Nilimfuata na karai. Mama mmoja akamwambia, 'Chukua, bwana mifugo. Na watoto hawa unawaachia nini?' Mfukoni alikuwa na muhuri tu. Akainama, akainua chungu."

Walimwita mnyang'anyi. Akamwagia nyama mafuta ya taa, akaichoma, akafukia chini sana. Hakuna aliyekula, wasikilizaji. Hakuna hata mmoja aliyekula. Lakini Muhidini alikuwa ameshaishika, na mkono wenye mkwaruzo.

Jumapili yake mkono ukavimba hadi begani. Katikati pana kidonda cheusi kama kaa la mkaa, na hakiumi. Muhidini akacheka: "Kisichoniuma kitaniuaje?"

Rehani hakucheka. Zahanati, sindano zimekwisha. Na siku hizo mafuta yalikuwa ya taabu, Jumapili mchana magari hayatembei bila kibali. Rehani alisimama kando ya barabara, mkono juu, akilipungia gari ambalo halipo. Mwisho akampakia rafiki yake kwenye baiskeli, akaikokota kuelekea Segera. Asubuhi lori likawachukua. Muhidini akakata roho kabla hawajaiona Korogwe.

Chanjo ya ng'ombe tuliyoiomba ilifika mvua zimeshakata. Na haikutosha.

Rehani aliendelea na kazi mpaka alipostaafu. Swali lake hakuliacha. Binti yake, Hamisa, ananiambia: "Wiki ile aliyotutoka nilimpikia supu. Akashika bakuli, akauliza, 'Kisu kilimkuta amesimama?' Nikamwambia, 'Baba, nimenunua buchani, mimi nitajuaje?' Akasema, 'Kaulize, mama. Nakusubiri.' Nikaenda. Mwenye bucha naye hajui, nyama imeletwa na gari. Niliporudi supu imepoa, bakuli bado liko mikononi mwake. Ananitazama mdomo."

Pole sana Bi Mwantumu. Pole Hamisa, na wote wa Vugiri. Poleni pia watoto wa Muhidini, maana kifo hiki kimewarudisha kwenye kile. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kesho mkisimama buchani, mfikirieni Rehani kabla hamjafungiwa nyama. Ulizeni kama alivyouliza. Mimi nimeuliza leo asubuhi. Mwenye bucha alinitazama, akanifungia robo yangu, akamwita wa nyuma yangu.