Mzee Josia na Picha Zisizo na Sauti

Sasa hivi mwanangu Naila amemfunika mwanasesere wake macho kwa kanga yangu, kwa kuwa kwenye televisheni wamepita wanajeshi. Sikumfundisha mimi. Amejifunza kwa Mzee Josia Maige, ambaye tarehe 30 Juni anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kuamua watoto waone picha gani kwenye banda letu la video hapa Bariadi.

Alianza kwa kukata tiketi mlangoni, akija kwa baiskeli kutoka Ngulyati. Wengi tunamjua kwa utani. Akimkuta mtoto wa darasa la kwanza anajifanya mkubwa, humwuliza ana ng'ombe wangapi.

Lipo jambo ameniomba niliandike, nisimpambe. Mwaka wake wa tatu ilikuja picha ya vita iliyotafsiriwa Kiswahili. Mtafsiri alikuwa na maneno huyo, kila bomu analitilia kichekesho. Mzee akacheka, akawaruhusu watoto wote. Watoto hawakushika maneno, walishika walichokiona. Nyamizi, wa miaka saba, ambaye mdogo wake alikuwa amefia kwenye nyumba yao ilipoungua, aliona nyumba inaungua. Toka mvua za Februari mpaka pamba inavunwa, hakusema neno.

Tangu hapo mzee huitazama kila picha kwanza bila sauti, amekaa benchi la mbele, la watoto.

Picha yake ya mwisho ni ya mama anayekimbia vita na watoto watatu, baba hajulikani alipo. Mimi ninayeachiwa kazi yake nililia, nikasema Jumamosi waione wote, maana yule mama ana moyo.

Akaniambia, "Mama Naila, wewe unamtazama mama. Mtoto atamtazama yule mtoto aliyeachwa njiani."

Tumeandika mlangoni: kuanzia miaka kumi na mitatu, na mzazi akae naye.

Asante, mzee, kwa niaba ya wote uliowarudisha nyumbani wamenuna. Tunakuombea afya, mvua nzuri shambani, na usingizi, kwa sababu najua Nyamizi bado unamwota. Mwenyewe amefika leo na binti yake wa miaka sita, wanataka tiketi mbili za Jumamosi, na Justina anayekata tiketi ananiita mlangoni nikawaambie kwamba mama aingie, ila binti asubiri miaka saba.