Telefone Haingoji Mutafsiri

Ndugu zangu, dada zangu, amani iwe kwenu. Mumeniletea kiti, aksanti, lakini nitasimama. Mimi kukaa kunanishinda, wa nyumbani wanajua.

Miaka mingi mimi ndiye nilikuwa nawasomea somo la Jumapili hapa mbele ya kanisa. Munajua namna tunafanya hapa Kabambare: musomaji anasoma sentensi moja kwa Kiswahili, ananyamaza, mama mutafsiri anaisema kwa Kibangubangu, ndipo musomaji anaendelea. Kidole changu kilikuwa kinabaki pale nilipofika. Kitabu kinaningoja. Na mama akitafsiri, nawaambia ukweli, sikuwa namusikiliza. Macho yalikuwa yametangulia kwenye sentensi ya mbele, haraka haraka, nisije nikakwama.

Halafu nikaenda Salamabila kuponda mawe ya zahabu. Vumbi na vipande vya mawe vikakula macho yangu pole pole. Nikapanda pikipiki mpaka Kasongo, njia ile munaijua, matope matupu. Munganga wa hospitali akaniangalia macho, akasema: "Baba, watu utawaona. Kusoma, usahau."

Kusahau! Ndugu zangu, nilizunguka kiwanja changu kama kuku anayetafuta pa kutaga. Wenye kulima tuko wengi, lakini musomaji nilikuwa mimi. Nikiondolewa pale mbele, nabaki nani?

Mukwe wangu akanipa telefone kubwa, ile unapanua maandishi na vidole. Nikapanua mpaka neno moja likajaza kioo kizima. Nikisukuma kutafuta la pili, la kwanza limenitoka. Nikaitupa kitandani. Nikaiendea tena. Nikaitupa tena.

Kisha muuzaji mumoja wa soko akanitilia ndani masomo ya sauti. Nikafurahi, nikafanya akili: Jumapili nikasimama hapa, waya sikioni, telefone ndani ya koti. Sauti inasema, mimi narudilia. Mulikuwako! Mama akianza kutafsiri, sauti inakimbia, haingoji mutu, na mimi mbio nyuma yake, namukata mama maneno. Somo likaisha. Mimi narudilia tu kila kinachoingia sikioni, nikatangaza kwa nguvu: "Sheri, rudi, kitanda iko baridi!" Muuzaji alikuwa ameweka miziki ya mapenzi, inafuata kisha somo kuisha. Na mama, kazi ni kazi, akatafsiri.

Chekeni, leo naweza kucheka na ninyi. Siku ile nilitoka kwa mulango wa nyuma na sikurudi. Jumapili nasikia nyimbo zenu, natembea tu, naona haya, nina uchungu. Muke wangu akasema, "Baba ya watoto, utatoboa udongo."

Ndipo mama mutafsiri akabisha hodi kwangu.

"Mwanangu, unakimbia nini? Hii telefone haiko na mahali ya kuisimamisha?"

"Iko, mama."

"Basi isimamishe. Sentensi moja, mimi niseme. Kisha ingine."

Tukafanya hivyo. Somo lile, ndilo la leo, nalijua tangu ujana. Lakini sikuwa na sentensi ya mbele ya kutafuta, kwa hiyo nikamusikiliza, mara ya kwanza, akilisema kwa lugha ya mama yangu. Nililia. Wiki nzima tulirudilia, tunasimamisha, tunarudilia, mpaka likakaa kichwani.

Aksanti mama. Aksanti muke wangu, uliyevumilia miguu yangu. Aksanti ninyi wote, hakuna aliyenitania njiani.

Siwaambii kitabu ni kibaya ao sauti ni nzuri. Kitabu kilikuwa kinaningoja, lakini macho yangu hayakumungoja mama. Sauti haikuningoja, na nikajifunza kuisimamisha. Kwa hiyo wewe ambaye macho yako yamechoka, unayejificha pale nyuma, njoo kwangu tusikilize pamoja.

Sasa inatosha, miguu inataka kutoka nje. Somo la leo ni langu. Mama, sogea hapa. Nikisema, nitakungoja.