Karatasi Niliyoipiga Pasi

Sogeeni wanangu, na wewe kijana wangu acha kusimama mlangoni kama mgeni, kaa hapa kitandani karibu na dada yako. Daktari anasema siku zangu zinahesabika. Sawa, ilimradi aniachie asubuhi hii, maana kuna jambo limenikaa kifuani miaka thelathini, na jana liliponitoka nusu nililala fofofo.

Kazi yangu mnaijua: nilizungusha pipa kwenye bahati nasibu ya serikali, ile iliyosomesha watoto, na kila mwaka tulifanya droo ya pekee ambayo majina ya watoto waliofaulu yalitiwa kwenye pipa, na wale waliotoka wakasomeshwa bure hadi chuo. Mwaka wako, binti yangu, jina lako liliingia kihalali, ila roho yangu haikutulia, nikaandika kikaratasi cha pili, nikakitia wanga, nikakipiga pasi mpaka kikakakamaa, ili mkono wa mchotaji ukikamate. Aliyechota ni mwenzangu tuliyemwita Kidole. Jina lako likatoka, mama yenu akalia kwa furaha, nami nikalowa jasho hadi soksi. Tangu hapo, kila cheti ulichoniletea nilikitazama kwa aibu.

Jana Kidole kaja kunijulia hali, nikamwambia yote, na yule mzee akacheka mpaka akashika mbavu! Kumbe asubuhi ya droo alikuwa na mazoea ya kuingiza mkono pipani hadi begani, kutenganisha vikaratasi vilivyonatana. Akakikuta changu, akaujua mwandiko, na kwa kuogopa nisifukuzwe kazi akakitafuna na kukimeza. Eti wanga ulizidi! Kilichotoka mchana kilikuwa kile cha halali, laini kama vingine vyote. Binti yangu mwalimu, shule yako uliipata kwa haki. Mungu mkubwa! Miaka thelathini nimejiona mwizi bure.

Sasa wewe, kijana wangu. Usitazame dari. Ulipofaulu, nilikwambia jina lako lilizungushwa halikutoka. Nilikudanganya. Halikuingia. Fomu yako niliichoma jikoni kwa mkono huu, nikihofia kwamba nyumba moja ikitoka mara mbili watachunguza na kuugundua wanga wangu. Ukaenda kuchomelea mageti, ukamchukia dada yako kana kwamba alikula fungu lako, na mimi nikanyamaza, nikawaacha mnuniane kwenye meza yangu mwenyewe. Dada yako hana kosa, na bahati haina kosa. Ni mimi. Nisamehe, na kama huwezi leo, usijilazimishe.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, ila chumba cha mbele kiwe karakana ya ndugu yako, na wewe mwalimu usinung'unike. Watoto wake uwafuatilie masomo kama wa kwako. Kidole akija msibani mpeni kiti cha mbele, na msimruhusu ahutubie, atanichekesha jenezani.

Nipeni maji... basi, yanatosha. Mungu awatunze, awape riziki safi, na mkikosana mpatane, msikae mwaka mzima bila kusalimiana. Kifua chepesi leo... chepesi kweli. Mkono huu ni wa nani? Una makovu ya moto. Unasema nini, mwanangu? Sema kwa nguvu kidogo... Miaka yote hii umekuwa ukiniita mzee, mzee. Leo umesema baba. Nimesikia... rudia tena.