Mzigo Wote Ulifika

Benchi lenyewe ni ubao wa mtumbwi uliokufa, umewekwa juu ya mawe mawili nje ya kibanda changu hapa mtaani Nyalenda. Mimi nashona akala, viatu vya matairi ya gari. Saa nne Nabwire muuza kahawa analeta birika lake, na kutoka hapo anayefanya kazi ni mimi peke yangu. Kuna Redio, jina lake Gordon, ambaye tangu nimjue hajawahi kunyamaza. Kuna Profesa, alifundisha darasa la tatu miaka miwili wakamfuta. Na kuna Wakhisi, tunamwita Mlima tangu mwaka wa tisini na mbili alipoanza kupanda mlima Elgon kubebea watalii mizigo. Mwezi uliopita alimchukua Absalom Obiero, mtu wa Ahero, huko bonde la Kano, ambaye mafuriko yalikuwa yamekula mchele wake wote, wakapanda pamoja. Mlima akarudi. Absalom hakurudi. Akala alizopanda nazo nilizishona kwa mikono hii, kwa hivyo siku hizi nina hasira na sitaki kuulizwa ni ya nini.

Redio: Mlima, hebu tuelezee tena. Hao wazungu wanatembea siku tano, wanaenda wapi?

Mlima: Hakuna mahali. Wanazunguka huko juu, halafu wanarudi kwa gari.

Redio: Na wamebeba nini?

Mlima: Chupa ya maji. Na fimbo.

Profesa: Fimbo ya kuchunga nini, na hawana ng'ombe?

Mlima: Ya kutembea tu. Mzigo ni wetu. Asubuhi wanaanza safari, sisi tunabomoa hema, tunabeba kila kitu, tunawapita mbio. Jioni wakifika wanapata hema imesimama na maji ya moto iko tayari. Wanatupigia makofi.

Mimi: Na Absalom alibeba nini?

Jibu nalijua. Nilitaka tu alirudie mbele ya watu.

Mlima: Viti vinne vya kukunja. Na ile kiti ya choo.

Nabwire akacheka. Kila siku anachekea hapo hapo. Ni kiti cha mbao chenye kifuniko, kinawekwa juu ya shimo ili mgeni asichuchumae. Baba wa watoto watatu, mtu wa Kano, alipandisha hicho kitu mpaka mahali maji yanaganda ndani ya sufuria. Baridi aliyoijua Absalom ni ya soda. Na blanketi lake waliliacha chini kwa gari, ndio kiti kipate nafasi mgongoni. Siku ya nne ukungu ukashuka, yeye akabaki nyuma, na kwa maneno ya Mlima hakuonekana tena.

Redio: Mimi nimefikiria sana. Absalom hajakufa. Upande ule mwingine si ni Uganda? Ameshukia huko, ameoa, saa hii anakula matoke.

Mlima: Inawezekana kabisa.

Profesa: Uganda gani! Hao si watalii. Mtu na akili zake hawezi kutembea siku tano bila kuwa anaenda mahali. Wanatafuta zebaki, ile ya kuuzwa mamilioni. Si kuna mapango huko, ndovu wanaingia kulamba chumvi? Wamemwacha Absalom ndani awachungie mali.

Mlima: Mapango iko, kweli. Kubwa sana.

Redio: Pango ni ya nini? Walimkunja ndani ya hema, wakampeleka ng'ambo. Huko wanataka kupima mapafu ya mtu wa bondeni, waone inafanya aje ikipandishwa juu.

Mlima: Ile hema yao ni kubwa, hata mtu anaingia.

Nikaona Mlima anakubali kila kitu. Ungemwambia Absalom amegeuka ndege angesema ndiyo, mabawa aliyaona.

Profesa: Hakuna haja ya wasiwasi. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Absalom atashuka tu.

Nikaweka nyundo chini.

Mimi: Hiyo ni ya watu wenye majivuno, wewe. Mtu amepanda na choo ya mwenzake mgongoni, majivuno atoe wapi?

Profesa: Basi mwenda pole hajikwai.

Mimi: Omera, ndugu yangu, nyamaza! Mlima, mlimtafuta au hamkumtafuta?

Mlima: Tulitafuta, Fundi. Kampuni ya watalii ilituma watu. Ukungu ilikuwa mingi. Lakini wageni walifurahi, unajua? Hakuna kitu ilipotea, hata kijiko. Mzigo wote ulifika, kiongozi wa safari alikagua mwenyewe.

Hapo ndipo tukaona mwanamke amesimama nyuma ya benchi, miguu imejaa tope jeusi la Kano, leso imefungwa kiunoni. Sijui alikuwa amesimama tangu lini.

— Wazee, mko salama? Natafuta fundi aliyemshonea Absalom Obiero viatu.

— Ni mimi, Mama. Karibu.

— Naitwa Adero. Mimi ni mke wake. Alikuwa akisema wewe huwa unachora mguu wa mtu kwa katoni.

Ni kweli, nachora. Kila mteja nina mguu wake, nimeandika jina kwa makaa.

— Nimekuja kuuomba. Jumamosi tunazika yago. Wazee wamekubali, watoto wasiendelee kukaa hivi. Nataka nizike na kitu kilichomgusa.

Hakuna aliyecheka. Kwetu mtu akipotea mwili usionekane, tunakata tunda la yago, lile refu zito, tunalichimbia kaburi, tunalilia kwa jina lake. Ukizika yago umekubali. Nikaingia ndani nikautafuta ule mguu. Vumbi lilikuwa limeshika jina, nikafuta kwa shati. Adero akaupokea, akaweka kiganja chake juu ya kisigino. Nilisikia vibaya sana, nasema ukweli.

Redio akajaribu kumfariji, maskini.

Redio: Mama, usizike haraka. Sisi hapa tunaona yuko Uganda.

Adero: Asante, Baba.

Halafu akageuka.

Adero: Shemeji Wakhisi. Hukufika nyumbani.

Mlima: Nilikuwa nakuja, Mama. Wiki hii nilikuwa nakuja.

Adero: Nimesikia ukisema mzigo wote ulifika.

Mlima: Wote.

Adero: Hata kile kiti alichobeba?

Mlima: Hata hiyo.

Adero: Nani alishuka nacho?

Nilimwangalia Redio. Wiki tatu tumekaa hapa na Uganda yetu na mapango yetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kuuliza hilo. Mlima aliangalia kikombe. Akakiweka chini kwenye benchi.

Mlima: Alikuwa ameikalia. Kwa njia, kwa ukungu. Alikuwa anaongea, Mama, naapa, alikuwa anaongea. Aliniambia miguu imekufa ganzi, nimpumzishe kidogo. Kiongozi akasema wageni wako karibu kufika na choo haijasimama. Akasema mzigo kwanza, huyu tutamrudia. Nikamshika mkono asimame, nikaitoa, nikamkalisha kwa jiwe.

Adero: Mkamrudia saa ngapi?

Profesa akaangalia barabara. Nabwire akainua birika kana kwamba anataka kumimina, na lilikuwa limeisha zamani. Nilimngoja Mlima aseme saa moja, saa tatu, aseme hata kesho yake asubuhi. Ningekubali yoyote.

Adero akafunga ile katoni ndani ya leso, polepole, akafunga fundo mara mbili.

— Jumamosi uje mapema, Shemeji. Yago ni zito, na nyumbani ni mbali na barabara. Utalibeba wewe.